Kabla Hujauliza "Ninunue Nini?", Jifunze Kuuliza "Kwa Nini?"



Mnaponipigia simu, wengi huniuliza: "Bwana shamba, mahindi yangu yamekuwa ya njano, ninunue nini?" Nami hujibu kwa swali. Njano imeanzia majani ya chini au ya juu? Umefukua mizizi? Wapo wanaodhani nakwepa kazi. Leo nawaeleza tabia hii niliitoa wapi.

Stashahada yangu ya kilimo niliisomea MATI Ukiriguru, kule Misungwi. Nilifika nimezoea kukariri: mwalimu anaandika ubaoni, unanakili, unayarudisha kwenye mtihani. Mkufunzi wetu mmoja alikuwa na namna yake. Alitupeleka kwenye mahindi yaliyodumaa katika udongo wa luseni, akauliza, "Yana nini?" Kisha akanyamaza. Huyu akasema ukame, yule akasema upungufu wa naitrojeni, mwingine ugonjwa wa milia. Hakumkubali wala kumkataa mtu. Alisema tu, "Kama ni hivyo, tutaona nini?"

Kama ni naitrojeni, njano huanzia ncha za majani ya chini na kuingia katikati ya jani. Kama ni milia, majani machanga huwa na mistari myembamba. Mwisho tukachukua jembe na kufukua taratibu. Mizizini tukakuta machipukizi meupe ya kiduha, hata hayajatokeza juu ya ardhi. Kama tungekimbilia dukani siku ile, huenda tungerudi na dawa ya wadudu, na kiduha hakijali dawa hiyo. Kinachosaidia ni kuking'oa kabla hakijatoa maua, kuweka samadi, na kubadilisha mazao. Pamba, kwa mfano, huamsha mbegu za kiduha bila kuzilisha, zikafa.

Ndugu mkulima, njia hii si ya wenye vyeti peke yao. Mwaka 1989 wakulima wa mpunga nchini Indonesia walianza kukutana shambani kila wiki kujifunza hivyo hivyo. Mashamba yao yalikuwa yakiliwa na wadudu wanaofyonza mpunga, na kadiri walivyopuliza dawa ndivyo wadudu walivyozidi. Waliweka buibui na wadudu hao pamoja ndani ya chandarua, wakaona kwa macho yao nani anamla nani. Wakaelewa kuwa dawa ilikuwa ikiwaua walinzi wao. Huo ndio mwanzo wa shamba darasa, ambalo baadaye lilifika hapa Tanzania, Kenya na Uganda.

Sisi wa Bujora tuna mfano wetu. Kwenye Bulabo, Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wengi wanakokwenda ndiko kwenye ushindi. Wangecheza siku tofauti, mmoja wakati wa mvua na mwingine wakati wa jua, nani angekubali matokeo? Jaribio la shambani nalo ni hivyo hivyo:

1. Chagua swali moja. Mfano: je, samadi inanilipa kwenye mahindi?
2. Pima vipande viwili jirani, kila kimoja mita 10 kwa 10, udongo ule ule.
3. Panda mbegu ile ile, siku ile ile, palilia sawa. Tofauti iwe moja tu: huku samadi, kule hakuna.
4. Pita kila wiki, uandike unachokiona.
5. Ukivuna, pima kila kipande peke yake. Zidisha kilo kwa 40, utapata makadirio ya ekari moja. Kisha toa gharama.

Mfanyabiashara wa mbegu, nawe jaribu. Hesabu punje 100, zipande kwenye mchanga wenye unyevu, uhesabu zilizoota baada ya siku 7. Zikiota 60 tu, bora ujue wewe kabla mteja hajapoteza msimu wake.

Ila angalizo: usifanye majaribio ya kuongeza kipimo cha sumu au kuchanganya dawa kwa kubahatisha. Hapo fuata kibandiko cha chupa.

Mimi ni mmoja na vitongoji ni vingi. Siwezi kuwa kwenye kila shamba asubuhi majani yanapobadilika. Wewe upo. Ukinipigia, niambie umeona nini, umefukua nini na unadhani ni nini. Tutaanzia hapo.