Maziwa Lala, Mimi Macho
Sukari ilipopanda niliacha ugali na chapati, nikawa mtu wa mayai, omena na maziwa lala. Sukari ikashuka. Pua nayo ikaziba. Wiki ya tatu nalala nimeketi, mdomo wazi, saa tisa usiku nahesabu mabati. Mke wangu akabeba mto, akahamia kwa watoto bila neno.

Kliniki walinipa dawa ya mafua. Mafua gani ya wiki tatu, jameni? Daktari mwingine akauliza nakula nini jioni. Vyakula vilivyochachuka, akasema, huwa na histamini nyingi. Kuna miili isiyoimudu, pua inavimba, usingizi unatoroka. Samaki wa kukaushwa pia.

Nimeanza na maziwa, kimoja kimoja, nijue mwizi ni nani. Omena bado, ndiyo nyama ya mfuko wangu. Jana tundu la kushoto lilifunguka. Mto haujarudi.