Picha Tuliyoifuta Bangkok



Kila tukirudi Bangkok kuchukua mzigo mnatuuliza vitambaa tu: lesi bei gani, sateni imepanda, shela za mwaka huu zikoje. Leo mtatusamehe, tunataka kuzungumza habari ya picha. Safari hii tulikuwa na wifi yetu tunayeendesha naye duka, na kaka yetu, ambaye ni mahramu wetu na, tuseme kweli, mbebaji wetu wa mabegi.

Soko la nguo la Pratunam mnalijua wengi. Jina lake maana yake ni mlango wa maji, kwa sababu liko karibu na mfereji wa Saen Saep, uliochimbwa miaka ya 1830 enzi za Mfalme Rama wa Tatu. Mpaka leo mfereji ule unapeleka watu makazini kwa boti ndefu. Boti yenyewe haina subira: inagusa gati, unaruka, imeondoka. Abiria wa pembeni huvuta kamba kuinua turubai la plastiki, maji yasije yakawarukia, maana si maji ya kumwagikia baibui. Picha yetu ya kwanza nzuri ni ya hapo: mwanamke wa ofisini, viatu vya kisigino mkono mmoja, kamba ya turubai mkono wa pili, wala hana habari na sisi.

Baada ya hapo hatukushikika. Tulipiga picha za pikipiki za abiria, madereva wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa. Tulipiga watu waliosimama kimya stesheni saa mbili asubuhi, wimbo wa taifa unapopigwa. Ile tulipoitazama tuliona haya, kwa kuwa sisi pekee ndio tuliokuwa tukitembea. Tulipiga embe na wali wa kunata uliomwagiwa tui la nazi, na hapo wifi akasema hawa ni ndugu zetu kabisa. Mama muuzaji ndiye aliyetufundisha kuomba. Alipoona simu imeinuliwa alituzuia kwa kiganja, akatutamkisha taratibu: “Thai rup dai mai kha?” Yaani, naweza kupiga picha? Tuliporudia kwa lafudhi yetu alicheka mpaka akaweka kisu chini, kisha akajitengeneza nywele na kutukubalia.

Somo tulipewa asubuhi. Jioni tulikuwa tumeshalisahau.

Alasiri tulikwenda Ban Krua, mtaa wa Waislamu ulio kandokando ya mfereji uleule. Wazee wa mtaa ule ni Wacham waliotokea upande wa Kambodia, na kazi iliyowapa jina ni kufuma hariri. Mmarekani Jim Thompson, aliyeipeleka hariri ya Thailand duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, alikuwa akifumiwa na watu wa hapa, na nyumba yake inatazamana na mtaa wao ng’ambo ya maji. Yeye alipotea Malaysia mwaka 1967, hajaonekana mpaka leo. Wafumaji waliobaki ni wachache mno. Sisi mafundi cherehani, mtu akituambia hariri ya mkono, tutaifuata hata ndani ya vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani.

Katika kichochoro kimoja palikuwa na bibi amekaa kizingitini, mlango wazi, anakunja vitambaa juu ya mapaja. Mwanga ulimwangukia kwenye mvi zake, mashaAllah, picha ya kuning’iniza ukutani. Kichwa chake kilikuwa wazi. Tukajisemea huyu si mwenzetu, tukapiga mara tatu bila kuomba, na ile nzuri kuliko zote tukaiweka stetasi palepale: “Bibi wa hariri, Bangkok.”

Muda si mrefu ikaadhiniwa alasiri, msikiti uko jirani tu. Bibi akaweka vitambaa pembeni, akavuta mtandio uliokuwa mabegani, akajifunika, akainuka. Tulitazamana na wifi, hakuna aliyesema neno. Tulipofungua stetasi, watu 41 walishaiona, wakiwemo mawakala wa mizigo na mafundi wanaume.

Tuifute tu na twende zetu? Wifi alikuwa na rai hiyo, na hatumlaumu, nasi tuliitamani. Lakini sisi tumekulia Mji Mkongwe. Tunajua mtu anavyojisikia ametoka mara moja tu mlangoni kumwita mtoto, akakuta kamera ya mgeni inamtazama. Tumewahi kuwatukana kimoyomoyo wageni hao, Mungu atusamehe.

Tukasali, tukamsubiri. Tulimtolea salamu, akafurahi sana kuona tunajibizana naye kwa maneno yaleyale. Mjukuu wake, msichana wa skuli, alijua Kiingereza kidogo, na chetu ni kidogo vilevile. Tukamwonyesha picha. Bibi aliitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika wala hakutabasamu. Akasema jambo, mjukuu akatufasiria: “Anasema hapa yuko nyumbani kwake.”

Tulizifuta zote tatu mbele yake. Tulipomwomba picha nyingine akiwa amejistiri, alikataa kwa kichwa, kisha akatuletea maji ya kunywa. Kwa hiyo nyinyi mnaotuuliza ile picha ya bibi imekwenda wapi, jibu ni hilo.

Tuliporudi nyumbani hatukulala vizuri mpaka tulipofungua ukurasa wa duka Instagram. Kuna biharusi wa miaka mitatu nyuma tuliyempiga picha akijaribu gauni, mgongo bado haujatiwa kitambaa cha ndani. Uso hauonekani, tukadhani basi. Tulimpigia simu.

“Mawifi zangu walinijua kwa hina ya mkono,” akasema.

“Sasa mbona hukutwambia, mdogo wetu?”

“Dada, nilikuwa bado mnanidai elfu themanini za gauni. Ningeanzia wapi?”

Tumeifuta. Nyingine mia na kitu tunazipitia moja moja, tunawapigia simu wenyewe. Kama ulishona kwetu, picha yako ipo na simu yetu hujaipata, tafadhali tupigie wewe.