Mpeleke Mtoto Mji Mkongwe

Ndugu msomaji, wengi wetu tufanyao kazi mijini tukipata siku mbili tatu za mapumziko huwapeleka watoto ufukoni, au kijijini kwa bibi na babu. Hayo ni mema. Ila ni nadra kuwapeleka kuutazama mji wa kale, kwani tunadhani historia ni kazi ya mwalimu na kitabu chake. Mimi nina watoto wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka sita, na nimekwisha kwenda nao Mji Mkongwe wa Unguja mara tatu. Nataka nikueleze, mzazi mwenzangu, yale niliyoyaona yanafaa, pamoja na jambo moja zito ambalo hapana budi ulitafakari kabla hujapanda boti.

Kwanza, usiwakokote watoto kutoka jengo hadi jengo kama mkaguzi. Chagua machache, kisha waache waguse. Anza na milango. Mwambie mmoja ahesabu milango ambayo kizingiti chake cha juu kimenyooka, na mwingine ile iliyoviringwa kwa juu kama nusu ya mwezi. Katika milango mingi wataona misumari mikubwa ya shaba. Desturi hiyo ilitoka Bara Hindi, ambako husemwa kuwa misumari iliwekwa ili tembo wasisukume mlango. Mwanangu aliposikia hivyo alichungulia kichochoro chembamba tulichosimama, akauliza tembo angepitaje hapo. Tangu dakika ile sikuwa na haja ya kumhimiza atazame.

Pili, wape kazi ya kupima. Katika nyumba tuliyofikia, binti yangu alikipima chumba kwa hatua zake: kilikuwa kirefu sana, lakini upana wake ulikuwa hatua sita tu. Kwa nini? Kwa sababu dari imeshikwa na boriti za mikoko, nazo boriti hizo kwa kawaida hazivuki sana meta tatu. Kumbe aliyeamua upana wa chumba hakuwa tajiri mwenye nyumba, bali mti uliokatwa kwenye matope ya pwani! Kuta nazo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Mtoto akielewa hayo, jengo kwake si picha tena. Ni kazi ya mikono ya watu.

Tatu, msiharakishe. Vichochoro vile vyembamba vina kivuli karibu mchana kutwa, na nje ya nyumba nyingi kuna baraza za kukalia. Wafundishe watoto kuamkia. Binti yangu alimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa, "Shikamoo, babu." Akajibiwa, "Marahaba, mjukuu wangu, karibuni mkae." Tulikaa nusu saa, wakapewa kashata. Jioni tulikwenda Forodhani, tukanywa urojo na maji ya miwa, huku vijana wa mji wakijitupa baharini kutoka ukutani.

Sasa nifikie lile jambo zito. Huko Mkunazini lipo Kanisa Kuu la Anglikana, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, zipo sanamu za watu wenye minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Wapo wazazi wanaopita mbali na mahali hapo wakisema watoto bado wadogo. Mimi niliingia nao. Binti yangu alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mama, mama zao walikuwa wapi?"

Nilimjibu kwa maneno machache na ya kweli: kwamba wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa na kupitishwa Kilwa, kwamba wengine walitekwa pamoja na mama zao kisha wakatenganishwa sokoni, na kwamba mama wengine walibaki nyuma, wasijue mtoto amekwenda wapi. Alinishika mkono, hakuuliza tena mpaka jioni. Ndipo akaniambia, "Basi ile milango mizuri, labda ni wao waliobeba mawe yake." Sikuwa nimemfundisha hayo. Ameyafikia mwenyewe, nayo ni kweli: utajiri wa karafuu, pembe za ndovu na watumwa ndio uliojenga sehemu kubwa ya mji ule.

Naamini, ndugu msomaji, mtoto anaweza kuubeba uzuri na uchungu wa mji kwa pamoja, mradi mzazi awe karibu yake na asimdanganye. Tukimwonyesha majumba ya masultani peke yake, atajifunza kuwaheshimu wenye majumba na kuwasahau waliojenga. Tena majumba yenyewe hayangoji. Sehemu ya Beit-al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizuii mvua kuingia ukutani.

Najua nauli ya familia nzima kuvuka bahari si kitu kidogo kwa mshahara wetu. Basi anzia ulipo. Aliye Dar es Salaam anayo Boma la Kale karibu na bandari, lililojengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid. Bagamoyo nako si mbali kwa basi. Wa Mombasa wanao mji wao wa kale na Ngome ya Yesu. Chukua chupa ya maji, vaeni viatu vyepesi, tokeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na mtoto akiuliza swali, simama umjibu.