Mwaitu Alikagua Mikono

Kosa langu la kwanza darasani lilikuwa kuketi. Mwalimu aliingia, watoto hamsini na kitu wakaruka juu kama wameumwa na siafu, wakaimba salamu ya Kiingereza, na mimi nikabaki kwenye deski nikiwatazama. Nilidhani kuna nyoka.

Nilikuwa na miaka 11. Ilikuwa Januari 2016, Kitui Kusini, kwa nyanya yetu, lakini sisi tulikuwa watoto wa Makueni, upande wa Kibwezi. Kaka yangu akiwa darasa la pili alirudi nyumbani siku moja mkono umevimba, hawezi hata kushika kijiko. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, ila ni kama habari hiyo haikuwahi kufika kule. Mama hakwenda kugombana. Alikwenda kuchukua madaftari yake, akarudi, na kesho yake jikoni kwetu pakawa shule. Mimi nilianzia hapo hapo.

Hesabu tulijifunza kwa ndengu. Tunahesabu, tunagawanya, na tukikosea zinaingia sufuriani vilevile. Ukiuliza "kwa nini", Mama anasema twende tukaangalie. Mchwa tuliwaangalia wiki nzima. Hakukuwa na kengele, na ukibanwa na mkojo unaenda tu.

Halafu chifu akaja. Alikuwa mpole, akanywa chai, akaeleza kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na asipofanya hivyo kuna faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi mwaka mmoja. Mama akamwongeza chai. Usiku nikamsikia akimwambia Baba kwa simu, ambaye alikuwa akifanya vibarua Mombasa: "Kama ni lazima, basi si hapa." Ndipo tukavuka Athi kwa matatu, barabara bado ya vumbi, mpaka kwa Susu.

Kusoma nilijua. Hesabu nilikuwa mbele ya wengi. Kitu ambacho sikujua ni namna ya kuwa mmoja kati ya hamsini. Nilitoka nje kunywa maji bila ruhusa. Sikubeba jerikeni la lita tano asubuhi, kwa sababu nani angejua shule inaletewa maji na watoto? Nikamuuliza jirani yangu kwa Kikamba choo kiko wapi, na kabla ya mapumziko ya chai nilikuwa nimevishwa diski, kile kipande cha mbao cha aliyepatikana akiongea lugha ya nyumbani. Yule msichana alinionea huruma. Akanipa masharti kwa kunong'ona: akiingia simama, akitoka simama, akiuliza "mmeelewa?" sema ndiyo, hata kama hujaelewa.

"Na kama sijaelewa?"

Alinitazama kama nimeuliza jua linauzwa wapi.

Kaka yangu aliketi karibu na mlango. Wiki mbili nzima, mwalimu akipita, mikono yake ilikuwa chini ya deski.

Ajabu ni kwamba nilipapenda. Nilipenda kelele. Nilipenda tukiimba jedwali la saba mpaka mabati yanaitikia. Nyumbani nikijua kitu, anajua Mama peke yake. Hapa nikikosea, tunakosea hamsini, tunacheka, tunaenda kucheza kati.

Wiki ya tatu, mwalimu wa sayansi alikuwa akisoma kitabuni habari za mchwa. Nikasema, bila kuinua mkono, "Kwani si kuna kichuguu hapo nje? Twende tukaangalie." Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Viboko viwili, nyuma ya miguu, kwa sababu ya mdomo. Hakuonekana hata kukasirika. Alipiga kama mtu anayefuta ubao, akarudi kwenye kitabu.

Jioni nilimwambia kaka yangu tukiwa njiani. Hakusema neno. Alinibebea mkoba.

Mama alikuja mwisho wa mwezi na mfuko wa maembe. Kabla ya kukaa, kabla hata ya kusalimiana vizuri na Susu, alituita mlangoni kwenye mwanga, akaishika mikono yetu, akaigeuza huku na huku, kidole kwa kidole. Ya kaka yangu aliishika muda mrefu. Mikono yangu ilikuwa safi. Sketi ya shule ilikuwa ndefu.

"Kuna aliyewagusa?"

Nilijua nikisema ndiyo, kesho tunavuka Athi kurudi, na chifu atakuja tena, na safari hiyo huenda asinywe chai. Lakini siwezi kudanganya kwamba nilimfikiria chifu. Nilifikiria jedwali la saba, na yule msichana.

"Hapana, Mwaitu."

Akamgeukia kaka yangu. Yeye alinitazama mimi kwanza, kisha akainama akachukua jerikeni. Akasema tunachelewa, na mtoni kuna foleni.