Kitabu Si Nguo

Nyumbani kwetu Shanzu, mtoto ambaye hajazaliwa hanunuliwi kitu. Si soksi, si kofia, si hata sabuni ya kipande. Mama hana maelezo marefu juu ya hilo: mtoto akija atakuta watu, na watu watamtafutia nguo. Wazee wengi wa pwani watakwambia hivyo hivyo. Mimba inafichwa ndani ya dera mpaka isifichike tena, na hata hapo haitajwi. Ukiuliza ni mwezi wa ngapi unajibiwa, "Tuombe Mungu." Furaha yote inawekwa akiba. Siku ya saba kwa wanaofanya akika, siku ya arobaini mzazi anapotoka ndani, hapo ndipo majirani wanapokuja na leso, sukari, sabuni, na noti iliyokunjwa mara nne ikatiwa kwenye kiganja cha mtoto.

Zamani nilikuwa nikiona haya ni mambo ya wazee tu. Lakini juu ya kabati la dadangu kuna begi la buluu.

Miaka sita iliyopita alibeba mimba mpaka mwezi wa nane. Alikuwa akinunua nguo kidogo kidogo, mitumba ya Kongowea, anachagua zile ambazo vifungo vyake vyote vipo, anazifua usiku na kuzianika ndani ili Mama asizione. Mtoto alizaliwa kimya. Nguo zikaingia kwenye begi, begi likapanda juu ya kabati, na hadi leo hakuna aliyelishusha wala aliyesema zigawiwe. Mama hakuwahi kutamka "niliwaambia." Kwa hilo namheshimu kuliko kwa mambo mengi.

Sasa fikiria neno bebi shawa linavyoingia kwenye nyumba kama hiyo.

Lililetwa na wenzake wa kazini. Dadangu yuko upande wa dobi kwenye hoteli moja ya ufuoni, kazi ya kukunja mashuka ambayo yeye hatayalalia, na wale wanawake wa dobi wanapendana kama wamezaliwa tumbo moja. Walikuwa naye safari ile. Safari hii wakaamua hawataki kunyamaza tena. Wanataka keki, wanataka maputo, wanataka picha. Dada mwenyewe hakusema ndiyo wala la. Alisema, "Nyinyi fanyeni tu," kwa sauti ya mtu anayepisha gari barabarani.

Mama alikubali kwa sharti moja: hakuna kitu kitakacholala kwake. Basi sherehe ikapangiwa Mtwapa, kwa mmoja wa wale wenzake, na zawadi zote zibaki huko huko mpaka mtoto aje. Kigari kikalale Mtwapa, beseni likalale Mtwapa, daipa zikalale Mtwapa. Daraja likiwa katikati, Mama ana amani yake.

Mimi niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp kwa sababu ndiye mjomba mtarajiwa, na ndiye ajuaye pa kuazima spika. Wanaume hawakualikwa, lakini mchango haujali mwaliko. Orodha ilipotumwa nikakuta kiti cha mtoto cha garini, na ukoo wetu mzima hauna gari. Shemeji ana lori, tena la bosi, na wakati huo alikuwa njiani kuelekea Malaba. Kulikuwa na blanketi, "rangi ya maziwa tafadhali, tusiharibu picha." Kulikuwa na mashine ya kupashia chupa ya maziwa. Siidharau orodha. Daipa ni daipa, na kama huna pesa za mambo makubwa nakupa siri: nunua saizi ya pili au ya tatu, manake kila mtu atanunua ya kwanza na mtoto ataivuka kabla pakiti hazijaisha. Ila vitu vingi vilivyokuwa havijachukuliwa vilianzia elfu tatu kwenda juu.

Na mimi naandika. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipogoma, na tangu hapo naandikia watu mtandaoni: maelezo ya bidhaa, makala za afya, maneno matamu ya kuuzia nyumba ambazo sitakanyaga sebule zake. Mteja akilipa, M-Pesa inalia. Asipolipa, najifunza subira. Mwezi huo subira ilikuwa nyingi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa leso. Leso haijawahi kumkosea mzazi. Anajifunga, anajifunika akinyonyesha, anambebea mtoto, anamfutia mate, na ikichakaa inakuwa nepi. Hata kwenye harusi zetu kuna ubeleko, ile zawadi anayopewa mama wa bibi harusi kama shukrani kwamba alimbeba huyu binti mgongoni. Halafu leso ina maandishi. Pale Biashara Street kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lile lenye chapa ya "Mali ya Abdulla" unayoiona kwenye leso za mama zetu, na limekuwapo tangu 1887. Miaka mingi watoto wa Mombasa wanabebwa mgongoni pua ikiwa juu ya herufi. Kabla hujajua kitabu ni nini, tayari umeshalalia sentensi na kuidondoshea udenda.

Lakini leso ni nguo. Nikarudi kwa Mama, alikuwa akikuna nazi, nikamuuliza: na kitabu je? Akaacha mbuzi kidogo. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, manake hakuna aliyewahi kumpelekea mtoto mchanga kitabu.

"Kitabu si nguo," akasema, akaendelea kukuna.

Basi nikapanda matatu kwenda mjini nikiwa na sh. 1,200 ambazo zilipaswa kufanya mambo matatu.

Rafu ya watoto ilikuwa nzuri, na ilikuwa ya Kiingereza. Theluji, dubu, mtoto mwenye chumba chake peke yake na taa yake ya kulalia. Sina ugomvi na dubu. Lakini dadangu akisoma Kiingereza kwa sauti anakuwa mtu mwingine, anakaa wima kama yuko kwenye mahojiano ya kazi. Sikutaka mtoto aanze kwa kujuana na huyo.

Upande wa Kiswahili vitabu havikukosekana, ila vingi ni vya shule: jina la KICD kwenye jalada, na hadithi ikiisha tu, maswali. Nani alimwibia nani? Eleza maana ya methali hii. Unafurahi kurasa kumi na mbili, halafu unahojiwa ulikuwa ukifurahia nini. Sishangai watu wengi wa rika langu wakisikia "hadithi ya Kiswahili" wanakumbuka mtihani. (Na kama hata mia tatu ni shida, na kuna miezi ni shida, ingia kwenye tovuti ya African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini. Hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, unasoma na kupakua bure, na kuchapisha kunaruhusiwa. Saiba ya mtaani inakutolea kurasa, unazishona pembeni kwa uzi. Nimeshawahi kumtengenezea mtoto wa jirani, na kile kitabu kimeliwa kona zote nne, dalili kwamba kilipendwa.)

Nilichokuwa nakitafuta mimi ni Hekaya za Abunuwasi. Hicho ndicho kitabu changu. Nilikisoma jalada likiwa limeshang'oka, sikujua hata kinaanzaje, nikawa nakianza katikati. Abunuwasi mwenyewe, yule wa kweli, alikuwa mshairi wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Huku kwetu alihamia akawa mtu wa mtaa, hana kitu, na anawashinda matajiri kwa mdomo tu. Mtoto wa nyumba kama yetu anahitaji kumjua mapema.

Nikakipata. Nikakifungua pale pale, na macho yakaangukia kisa cha sufuria. Unakijua. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, anasema sufuria yako imezaa. Jirani anapokea wote wawili, tena kwa furaha. Safari nyingine anaazima, harudishi. Sufuria imekufa, anasema, na wewe uliyekubali kwamba inazaa huna budi kukubali kwamba inakufa.

Nimekicheka kisa hicho maisha yangu yote. Siku hiyo niliisikia sauti ya dada akikisoma, akifika pale kwenye kufa, nikakifunga kitabu nikakirudisha kwenye rafu. Mjomba atamsomea mwenyewe, mtoto akitimiza miaka saba.

Nikaondoka na kitabu chembamba cha kisa cha kima na papa, picha kubwa, hakina swali hata moja mwishoni. Sh. 280. Kisa hiki kimesafiri kuliko shemeji. Uhindi kimo kwenye Panchatantra, na huko mwenye kumbeba kima majini ni mamba. Waarabu walikitia kwenye Kalila wa Dimna tangu karne ya nane, mamba akawa kobe. Kilipofika kwetu akawa papa, kwa sababu sisi tunaowajua ni papa. Edward Steere alikiandika Unguja kama alivyosimuliwa, akakichapisha London mwaka 1870 ndani ya mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili, na huko kiko pamoja na kile cha punda wa dobi. Hilo la dobi lilinifurahisha, nikajua wenzake watacheka.

Kuna sababu nyingine ya kitabu, na hii niliipata kazini, kwenye makala ya wajawazito niliyomwandikia mteja ambaye mpaka leo ananiambia "kesho." Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walitoa matokeo ya jaribio lao. Wajawazito walisoma kwa sauti kisa kimoja cha watoto, kile kile, kila siku, wiki sita za mwisho. Watoto walipozaliwa, wakiwa na siku chache tu, walipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mitambo, na namna walivyonyonya ndiyo iliyoamua wasikie kisa gani. Wakanyonya kwa namna ya kukiita kile walichokisikia tumboni. Hata kikisomwa na mwanamke mwingine. Maneno hawakuyajua, ila mwendo wake waliutambua.

Sikumwambia dada habari hii. Nilijua angeichukua kama mtihani.

Sherehe ya Mtwapa ilikwenda vizuri, nimeona picha. Mimi nilipeleka spika na pakiti moja ya daipa, saizi ya pili. Kitabu nilimpa nyumbani, jioni nyingine, bila karatasi ya zawadi wala utepe.

Jambo lililokuwa likinisumbua ni kimya chake. Mimba ile ya kwanza alikuwa akiliongelesha tumbo kutwa: tunapanda tuktuk sasa, tunakula embe, usinipige mateke mbele za watu. Hii, miezi minane, neno hamna. Analibeba kama mzigo wa mtu aliyeombwa amshikie. Na hakuna wa kumlaumu.

Akakipindua kitabu, akatazama nyuma, akatazama mbele. "Nimsomee nani?"

"Jisomee wewe mwenyewe, Dada. Ila kwa sauti."

"Una mambo wewe."

Lakini akafungua. Tangu kidato cha nne nadhani hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko ratiba ya zamu, kwa hiyo alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kima yuko juu ya mkuyu, anakula matunda na kumrushia papa. Urafiki. Papa anamwalika kwao, kima anapanda mgongoni, na katikati ya bahari papa anamwambia ukweli: sultani wetu ni mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Na kima, bila hata kutetemeka, anamwambia, mbona hukusema mapema? Sisi tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini. Turudi nikauchukue.

Dada akanyamaza hapo. Feni ikazunguka.

"Huyu ana akili," akasema. "Moyo hausafiri nao."

Sikujibu, sikuwa na la kujibu. Nilidhani atakifunga. Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akaendelea mpaka kima akaruka tawini na papa akabaki majini anamsubiri.

"Si mkuyu," sauti ikatoka jikoni. "Ni mbuyu."

"Hapa kumeandikwa mkuyu, Mama."

"Aliyeandika hakumsikia mama yangu."

Tangu siku hiyo ni kila jioni, baada ya magharibi. Mama anakuja na sinia lake la mchele, anakaa mkekani mlangoni, anachagua mawe ambayo mchele wa siku hizi hauna. Anasahihisha. Kima alicheka hivi, si hivyo. Papa alikuwa mpole, usimsomee kwa sauti ya ukali, alitumwa tu. Dada anabisha, anarudi kwenye maandishi, wanavutana. Kuna jioni wamesoma mara mbili kwa sababu ya ugomvi wa mti.

Juzi boda ilipita nje na mlio wake wa kuchoma masikio, pale pale kima anapotaja moyo. Dada alipaza sauti kidogo akapitiliza.

"Rudia hapo," Mama akamkatiza, macho kwenye mchele. "Hajasikia vizuri."