Nauli si Safari Yote

Mtu wa kwetu akitaka kusafiri na jamaa yake huuliza neno moja tu: nauli ni kiasi gani? Akiisha kujibiwa huhesabu fedha yake, huona yatosha, kisha hufunga mizigo. Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo. Twafundisha hesabu kila asubuhi, twawaonya watoto wasisahau tarakimu hata moja, kumbe sisi wenyewe tuliacha tarakimu nyingi nje ya daftari. Tutawasimulia yaliyotupata juu ya maji ya ziwa Kivu, ili mwingine asinunue fundisho lile kwa bei tuliyolinunua sisi.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 2018. Shemeji yetu, mdogo wake mama wa watoto wetu, alikuwa karibu kupadirishwa huko Goma, nasi tulikaa Bukavu. Kati ya miji hiyo miwili, kwa njia ya maji, ni kilomita 100 hivi. Mashua za mwendo wa kasi zilivuka kwa saa chache, lakini bei yake ilipita mfuko wa mwalimu. Basi tukachagua merikebu kubwa, au bato kama twasemavyo kwetu, iliyoondoka jioni na kufika asubuhi.

Tulikuwa watu 6: sisi, mama wa watoto, watoto 3, na mama mkwe. Nauli ya daraja la pili ilikuwa dola 10 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto. Jumla dola 45 za kwenda na dola 45 za kurudi. Juu ya hizo tukaongeza dola 20 “kwa mambo madogo”. Mambo hayo madogo ni yapi, hatukuyaandika popote. Tena tulichukua bahasha yenye dola 40. Hiyo haikuwa yetu. Ilikuwa zawadi ya shirika letu, maana familia za mtaa wetu zilichanga franka 500, nyingine 1,000, Jumapili kwa Jumapili, ili padri mpya anunuliwe alba na stola. Sisi ndio tuliochaguliwa kuitunza.

Mama mkwe alifika bandarini na kikapu. Ndani yake mlikuwa na bugali uliofungwa kwa majani ya mgomba, sambaza wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, karanga, na bidoni ya maji yaliyochemshwa. Chakula kile kingetushibisha wote hata asubuhi. Tulikipokea kikapu kwa mikono miwili, kama ilivyo haki ya mama mkwe, tukamshukuru, kisha tukakisukuma chini ya benchi.

Kwa nini chini ya benchi? Kwa sababu ndani ya merikebu tuliwakuta wenzetu watatu tuliosoma nao seminari ndogo. Mmoja ni karani wa benki, na wawili ni wafanyabiashara wenye viatu vya kung'aa. Wasomaji wanaotoka seminari wanajua jinsi wenzi wa zamani wanavyopimana kwa macho: nani amepanda, nani amebaki chini. Tuliona haya kufungua majani ya mgomba mbele yao. Tukasema kwa sauti kubwa: “Karibuni mezani, ndugu! Leo ni furaha ya ukoo wetu.” Wao wakajibu kwamba wamekwisha kula, lakini chupa moja hawataikataa.

Tukaagiza sahani 5 za wali na kuku. Mama mkwe peke yake alisema hana njaa. Watoto wakapewa fanta. Chupa ya kwanza ikaita ya pili. Mhudumu hakudai fedha papo hapo; aliandika tu katika kijitabu chake na kutabasamu. Huo ndio mtego, ndugu wasomaji. Mtu asiyetoa fedha mkononi hudhani hajatumia kitu. Baadaye baridi ya ziwa ikaingia, tukakodi mablanketi. Watoto wakaona biskuti na mikate, wakalia, wakanunuliwa.

Usiku wa manane tulitoka nje. Upande wa kaskazini mlima Nyiragongo ulikuwa ukiangaza mawingu kwa wekundu wa moto wake, na watu wengi walisimama kuutazama. Nasi tulikuwa twautazama, mhudumu alipotugusa bega na kutupa karatasi ya hesabu. Tukatia mkono mfukoni: zile dola 20 hazikutosha hata nusu. Tukageuka kando, tukafungua bahasha ya shirika, tukatoa dola 30, tukalipa.

Mama wa watoto alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakupaza sauti. Alituuliza tu: “Mwalimu, umetoa fedha ya nani?”

Hatukuwa na jibu. Alituketisha kwenye benchi, akaomba kalamu yetu, akageuza tiketi, akaandika nyuma yake kila kitu tulichokitumia tangu bandarini:

Ushuru wa bandari, watu 6: franka 6,000
Mbeba mizigo: franka 3,000
Sahani 5 za chakula: franka 30,000
Chupa 8 za bia: franka 24,000
Chupa 4 za fanta: franka 6,000
Biskuti na mikate: franka 4,000
Mablanketi 3: franka 6,000
Jumla: franka 79,000

Wakati ule dola moja ilikuwa kama franka 1,600. Nauli yetu ya kwenda ilikuwa basi franka 72,000. Tazameni maajabu haya: mambo madogo yaliishinda nauli! Wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna hata bei moja katika orodha ile iliyotutisha ilipokuja peke yake. Zilipoketi pamoja juu ya karatasi moja, zilitutisha sana. Na chini ya benchi yetu kikapu kilikuwa bado kimefungwa.

Kulipopambazuka mama mkwe alikifungua mwenyewe, akawagawia watoto mayai na bugali. Alitupa na sisi fungu letu, akasema kwa upole: “Mwanangu, kula. Chakula hakina aibu. Deni ndilo lenye aibu.” Tulikula, na bugali ule ulikuwa mzito kooni.

Tulipofika Goma tulishauriana na mama wa watoto. Kuipeleka bahasha yenye dola 10 tu na kukaa kimya ilikuwa ni kuiba. Tukachukua dola 30 katika fedha ya kurudi, tukaijaza bahasha kama ilivyokuwa. Vijana wenye chukudu walikuja mbio kutubebea mizigo. Tuliwashukuru, tukajitwika wenyewe, tukapanda mjini kwa miguu juu ya mawe meusi ambayo Nyiragongo iliyamwaga mwaka wa 2002. Siku ya upadrisho shemeji alipokea zawadi kamili ya shirika. Alitubariki kwa mikono yake iliyopakwa mafuta matakatifu, na moyoni twajua jinsi tulivyoinama.

Lakini zilibaki dola 15 tu za kurudi Bukavu. Mama mkwe alielewa bila kuambiwa. Alisema atakaa kwa dada yake hata mwisho wa mwezi, tutamtumia nauli tukipata mshahara. Sisi tuliobaki, watu 5, tulikata tiketi za daraja la tatu, chini kabisa, kati ya magunia: franka 5,000 kwa mkubwa, 2,500 kwa mtoto. Tulipolipa na ushuru wa bandari zilibaki franka 1,500 mfukoni. Wenyeji wetu walikuwa wametupa viazi vilivyochemshwa na kipande cha jibini ya Masisi, basi hatukununua chochote.

Merikebu ilipokwisha kuondoka, alishuka kwetu mmoja wa wale wenzetu, yule karani wa benki. Tulitaka kujificha, lakini alikwisha kutuona. Akaketi juu ya gunia, akatazama viazi vyetu, akauliza kama aweza kupata kimoja. Akala viwili. Kisha akatuambia: “Ndugu, usiku ule tulipokuja hatukuwa tumekula. Nilikuwa na mihogo mkobani, nikaona haya kuitoa mbele ya kuku wako. Na ile chupa ya pili sikuitaka, niliogopa kukukatalia.”

Tulicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu. Sisi tulimnunulia bia kwa sababu ya kumwogopa yeye, naye aliinywa kwa sababu ya kutuogopa sisi. Fedha ya wajane wa mtaa wetu ilikuwa karibu kupotea kati ya woga wa watu wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyeona kiu.

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya shirika, tukaeleza yote. Bahasha ilikuwa imefika kamili, naam, lakini mkono ulikuwa umeingia ndani yake. Walitusamehe. Tangu siku ile wakaamua kwamba fedha ya shirika itunzwe na watu wawili, mmoja mwenye sanduku na mwingine mwenye ufunguo. Tuliona uamuzi ule ni wa haki.

Msidhani jambo hili ni la maskini wa ziwa Kivu tu. Padri mmoja mzee wa Ulaya alitusimulia habari za merikebu kubwa za baharini, ambazo matajiri hupanda ili kutembea tu na kupumzika. Katika nyingi za merikebu hizo nauli hulipa chumba na chakula cha meza ya kawaida. Lakini divai, bia na hata soda, meza za chakula maalum, bakshishi ya wahudumu ya kila siku, intaneti, na matembezi ya nchi kavu, mara nyingi hayo yote huhesabiwa mbali. Abiria hatoi fedha. Huonyesha kadi, hesabu huandikwa, na mwisho wa safari huletewa karatasi. Wengine hulipa mbele bei moja ya vinywaji vya kila siku. Hiyo humfaa anywaye chupa nyingi, bali anywaye mbili tu hulipia kiu ya jirani yake. Tuliposikia hayo tulimkumbuka mhudumu wetu na kijitabu chake.

Basi, wasomaji wapenzi, tangu safari ile tumeshika desturi hii nyumbani kwetu. Kabla ya kukata tiketi twaketi mezani, baba na mama, na karatasi moja. Kwanza, fedha ya kurudi hutiwa katika bahasha na kufungwa kwa gundi, haifunguliwi njiani. Pili, twahesabu midomo na saa: watu wangapi, watakula mara ngapi kabla ya kufika? Kiasi hicho hupikwa nyumbani na kufungwa, pamoja na maji ya kunywa yaliyochemshwa, kwa maana maji ya ziwa yaweza kuleta kipindupindu. Tatu, twaandika yale yasiyoandikwa: ushuru, wabeba mizigo, blanketi, kitu kidogo cha kuwafurahisha watoto. Nne, twaweka fungu la kumkaribisha mwenzi tukimkuta. Ukarimu si dhambi, hata kidogo. Lakini nao uwe na kiasi chake, nao uandikwe. Tano, twauliza bei kwanza, na kulipa kila kitu papo hapo, pasipo kuandikiwa. Na mwisho, twaacha sehemu moja katika kumi kwa ajili ya jambo lisilotazamiwa. Mfuko hushikwa na mama wa watoto, maana yeye hana wenzi wa seminari wa kuwaogopa.

Mwaka wa 2022 tulivuka tena ziwa lile, watu watano. Tulikula bugali na sambaza mbele ya watu, tukawakaribisha majirani wawili waliokuwa na mananasi ya Idjwi, nao wakatugawia. Tuliporudi nyumbani, bahasha ya mambo madogo ilikuwa na franka 5,000 ndani yake. Watoto walizihesabu mara mbili kwa kustaajabu.

Bwana wetu Yesu Kristu alipotaka kutufundisha, alitupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza kuketi na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa. Hakuona ni aibu kusema juu ya hesabu ya fedha. Na wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe baba unayesoma gazeti hili, ukijiandaa kwa safari ya likizo, usiulize nauli tu. Mwite mama wa watoto wako, leteni karatasi na kalamu, kisha muulizane: tutakula nini, tutakunywa nini, na ni nani tunayemwogopa njiani?