Vitabu Vitatu Tulivyobeba Kwenda Nyakatuntu

Wengi mmetuuliza tulipopotelea. Tulikuwa Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, kwa mdogo wetu aliyeolewa huko miaka mitano iliyopita. Boti mpaka Dar, basi la alfajiri, tukalala njiani, kisha bodaboda mpaka kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Tulibeba vitabu vitatu kwa kuwa tuliambiwa mtandao huko huja na kuondoka.

Cha kwanza tulikianza ndani ya basi. Ni *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaingia bara na msafara wa tajiri. Hadithi ni nzuri, lakini kilichotuuma ni namna watu wa pwani mle ndani wanavyowasema watu wa bara, kwamba ni washenzi. Tulitazamana. Posa ya mdogo wetu ilipokuja, ni sisi hawa hawa tuliosema, "Huko kwa wala ndizi ataishi vipi?" Na muoaji ni Muislamu, anaswali, ana shamba lake la kahawa. Tulikifunga kitabu kwa muda tukaangalia dirishani.

Tulimkuta amekonda. Mimba mbili zimeharibika, na tangu hapo hakuna kitu. Mavyaa wake si mtu mbaya, tuseme haki. Alitupokea kwa ndizi na maharage na akatupa kahawa ya kutafuna, tukatafuna hivyo hivyo na sura zetu zimekunjamana, akacheka. Lakini siku ya tatu, tukiwa tunakula, mmoja wa jamaa alisema kwa sauti ya upole kabisa kwamba nyumba hii ni kubwa sana kwa watu wawili. Kimya. Mdogo wetu akainuka kwenda kuchukua maji ambayo tayari yalikuwepo.

Usiku tukatoa kitabu cha pili, Utenzi wa Mwana Kupona. Bibi harusi gani wa kwetu hajatajiwa? Mama mgonjwa, mwaka 1858, anamwita binti yake aje na wino na karatasi apokee wasia. Tukamsomea mdogo wetu yale ya kumtii mume, kumridhisha, kumpokea kwa uso mkunjufu. Alisikiliza mpaka tukanyamaza, kisha akasema, "Haya yote nafanya, dada."

Hatukuwa na jibu. Mwana Kupona hana kosa, alikuwa mama anayekufa akimpa mwanawe alichonacho, na dua zake za mwishoni bado zinatuliza moyo. Kosa ni letu tunaompa bibi harusi utenzi huo peke yake, kana kwamba ndoa ina mtu mmoja. Nani anampa bwana harusi kitabu?

Cha tatu ndicho tulichokiogopa kwa unene wake: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza, Mkerewe, Mkatoliki, aliyesoma seminari ya Rubya, huko huko Kagera. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, baadaye akakitia Kiswahili mwenyewe, na kilipochapwa alifariki kabla hajakishika mkononi. Yeye na mkewe hawakubaki na mtoto, na hakuongeza mke.

Na hadithi ndiyo hiyo. Bugonoka mimba zake haziishi, jamaa za mume wanamsimanga, wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere haoni raha. Nyumba imepoa, hakuna wa kumpikia. Anafunga safari kwenda ukweni kuomba radhi kwa maneno ambayo hakuyasema yeye! Wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi (pombe si yetu, shoga, lakini sikiliza kisa), naye anahangaika kuitengeneza na kuipeleka ili arudishiwe mke asiyezaa. Kitereza anaeleza kila kitu pole pole, mapishi, salamu, uvuvi, mpaka pengine unasinzia. Vumilia. Kuna na mganga mle ndani. Tulimwambia mdogo wetu kwamba dawa za miti ni sawa, ramli tunaiacha kitabuni.

Tulisoma kwa zamu baada ya Isha. Mdogo wetu alilia mara moja tu, pale Bugonoka anapoondoka na wazazi wake. Tukamkumbusha kuwa Bi Aisha (r.a.) hakuzaa, na Mtume (s.a.w.) alimpa jina la Ummu Abdillah, kwa mtoto wa dada yake, na yeye ni Mama wa Waumini. Wala hatubishani na sheria ya wake wengi. Tunachokisema ni ulimi kwenye sinia la chakula.

Usiku wa nne tukasikia mtu akikohoa barazani. Shemeji. Hatujui alikaa hapo tangu saa ngapi.

"Samahani shemeji zangu," akasema kupitia dirishani, "hivi mke walimrudishia?"

Tukamwambia aingie asikilize mwenyewe. Akaingia, akakaa mkekani kando ya mkewe, na tulipofika kwenye safari ya ukweni aliinamisha kichwa muda mrefu. Asubuhi tulimwona akielekea kwa mama yake kabla hata ya chai. Waliyozungumza hatukuulizia.

Kitabu tumekiacha huko. Juzi mdogo wetu ametutumia ujumbe: wamekwenda hospitali kupimwa, wote wawili, safari hii na yeye shemeji ametoa damu. Majibu bado. Na wamefika pale anapozaliwa Ntulanalwo, ila inabidi amsubirie, kwa sababu sasa msomaji ni mumewe, na msimu wa kahawa anarudi amechoka, anasoma kurasa mbili tu analala.